UCHAMBUZI: Nambari za katoni zinavyowapunja wanunuzi wa sabufa Ukambani

ANAYEINGIA katika duka la vifaa vya umeme mjini Kitui, au Wote katika Kaunti ya Makueni, hukaribishwa na nambari. Sabufa hii ni wati 8,000, ile ni wati 12,000. Mnunuzi huzihesabu pesa zake, kisha huichukua yenye nambari kubwa.

Hapo ndipo anapopunjwa.

Soketi ya kawaida ya nyumba nchini Kenya, ya volti 240 na ampea 13, haiwezi kutoa zaidi ya wati 3,120. Itawezaje sabufa iliyochomekwa humo kutoa wati 12,000 za muziki? Siri imo katika herufi nne, PMPO, zinazofuata nambari hiyo. Hicho ni kipimo cha nguvu ya kufumba na kufumbua, kisicho na kanuni ya kimataifa, na kila kiwanda hukikokotoa kipendavyo.

Kipimo cha haki ni RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya huitoa mfululizo. Aghalabu hufichwa kwenye kibandiko cha nyuma, na sabufa ya maelfu katonini huenda ikawa na makumi tu ya wati.

Hasara hii si ndogo Ukambani, ambako besi si pambo. Tangu enzi za Kakai Kilonzo wa Kilimambogo Brothers, aliyefariki 1987, na Peter Mwambi wa Kyanganga Boys, benga ya Kikamba imesimama juu ya gitaa la besi. Uzi mnene wa gitaa hilo hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Ili usikike barabara, panahitajika spika pana na kasha zito la mbao. Spika ndogo ndani ya plastiki nyepesi huvuma tu, noti zote zikafanana, na mabati ya paa yakianza kutetemeka muziki hugeuka ngurumo.

Isitoshe, kuongeza wati maradufu huzidisha sauti kwa desibeli 3 pekee, tofauti ambayo sikio huihisi kwa shida.

Wanaotegemea sola wana hesabu nyingine. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 50 huhifadhi wati-saa 600, na ili idumu yafaa itumiwe nusu tu. Sabufa inayokula wati 30 huimaliza nusu hiyo kwa saa 10. Inayokula wati 100, kwa saa 3, na taa ya mtoto anayesoma huzimika. Afadhali inayopokea volti 12 moja kwa moja, kwa kuwa inveta nayo hula sehemu yake.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) lingeagiza RMS iandikwe mbele ya katoni, mzaha huu ungekoma.

Kwa sasa, mnunuzi na aende dukani na wimbo anaoufahamu, aombe sauti ipandishwe hadi robo tatu, kisha asikilize iwapo noti za besi bado zinatengana. Muuzaji akikataa kuijaribu sabufa yake, maduka ni mengi.