MAMBO YA SHAMBA: Majani Yenye Harufu na Magugu



Mwalimu mmoja ametuuliza kama ni kweli kwamba mtu akipanda rozimari, mnanaa na majani mengine yenye harufu katika shamba lake, magugu hayatamea, wala hatahitaji jembe tena. Twamjibu hapa, maana neno hili lina ukweli ndani yake, nalo lina hatari pia. Palizi ni kazi nzito, na wakati wake ukipita, mavuno hupotea. Mtu akiliacha jembe kwa kutumaini habari asiyoipima, watoto wake ndio watakaolala na njaa.

Kwanza, ukweli wake. Asili ya mingi katika mimea hii ni nchi zilizozunguka Bahari ya Mediteranea. Jina la mnanaa twalijua tangu zamani, kwa kuwa limetajwa katika Injili ya Mathayo, sura ya 23, penye habari za zaka. Ukisugua jani la rozimari kwa vidole, mara harufu yatoka, mfano wa kafuri. Hayo ni mafuta yaliyomo katika vifuko vidogo mno juu ya jani. Majani yakianguka na kuoza, mafuta hayo huingia udongoni, na mbegu ndogondogo zinazoanza kuota hudhoofika, mizizi yake isipate nguvu. Hans Molisch, mtaalamu wa Austria, ndiye aliyelipa jambo hili jina mwaka 1937, akaliita alelopathia.

Sasa, hatari yake. Mwaka 1964 wataalamu wa California, huko Marekani, waliandika habari za vichaka vyenye harufu vilivyozungukwa na ardhi tupu, pasipo hata unyasi. Wakasema kwamba mvuke wa mafuta ndio uliozuia nyasi, na habari hiyo ikaenea sana. Hata mwaka 1970 mtaalamu mwingine, Bartholomew, akazungushia wavu sehemu za ardhi ile tupu ili wanyama wasiingie. Nyasi zikaota humo. Ndipo ilipoonekana ya kuwa wanyama wadogo waliojificha vichakani walikuwa wakitoka na kula mbegu na machipukizi. Basi harufu ilikuwa imepewa sifa ya kazi ya meno ya panya!

Je, tuseme yote ni bure? Sivyo. Katika mji wa Thesalonike, kule Uyunani, wataalamu wamejaribu kufukia majani ya oregano na mengine ya jamii hiyo udongoni kabla ya kupanda mahindi. Magugu yaliyochomoza yalipungua, hayakwisha. Na karibu nasi, huko Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Viktoria, imethibitishwa kwamba mmea uitwao desmodiamu ukipandwa kati ya mistari ya mahindi, mizizi yake hutoa kitu kinachozuia kiduha, lile gugu linyonyalo mizizi ya mahindi. Hiyo nayo ni alelopathia.

Basi mkulima akumbuke mambo manne. La kwanza, mafuta haya hudhuru mbegu inayoota, si gugu lililokwisha kukomaa. Na ndago, inayochipuka kutoka viazi vyake chini ya ardhi, haijali. La pili, udongo hautofautishi mbegu ya gugu na mbegu ya mchicha. Kwa hiyo ni salama zaidi kupandikiza miche iliyokwisha kupata nguvu kuliko kumwaga mbegu ndogo mahali hapo. La tatu, mmea utambaao na kufunika ardhi huzuia magugu kwa kuyanyima mwanga, hata kama harufu yake haifanyi neno. La nne, mnanaa wenyewe hutambaa upesi hata ukawa gugu. Afadhali akina mama waupande chunguni.

Walimu waweza kulipima jambo hili pamoja na watoto. Chukua vyungu viwili vyenye udongo wa namna moja. Katika kimoja changanya konzi moja ya majani ya rozimari yaliyokatwakatwa. Kingine kiache vivyo hivyo. Panda mbegu 20 za mchicha katika kila kimoja, umwagilie maji sawasawa, uhesabu zilizoota baada ya siku 10. Kisha rudia kwa mahindi. Kwa njia hiyo mtoto atajifunza habari za majani, tena atajifunza kutokuamini neno kabla ya kulipima.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu, panda rozimari yako, ufukie majani yake ukipenda, nayo yatakupunguzia kazi kidogo. Lakini jembe usiliuze.