Usizike Kipaji Chako

Ukisikia neno jazi, huenda mawazo yako yanakwenda moja kwa moja kwenye kilabu cha pombe. Hebu sikiliza habari hii.

Huko Marekani kulikuwa na kipindi cha redio cha kila wiki, Piano Jazz. Mwenyeji wake alikuwa mama mzaliwa wa Uingereza, Marian McPartland. Alimkaribisha mgeni, wakaongea kama majirani, kisha wakapiga piano pamoja. Alikiongoza kwa zaidi ya miaka 30.

Mgeni wake wa kwanza, mwaka 1978, alikuwa Mary Lou Williams. Mama huyu alikuwa na jina kubwa, lakini mwaka 1954, akiwa Paris, aliacha kupiga piano. Alirudi New York, akawa anashinda kanisani akiomba, na nyumbani kwake akawapokea wanamuziki walionaswa na dawa za kulevya.

Mapadri na marafiki walimsihi arudie muziki. Mwaka 1957 alibatizwa, na mwaka huohuo akapanda tena jukwaani. Mwaka 1975 misa aliyoitunga kwa mtindo wa jazi ilipigwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, New York.

Je, dada yangu, wewe umeweka kando nini ukidhani kwamba ndiyo utakatifu? Sauti yako? Cherehani? Kalamu? Yule mtumwa aliyeifukia talanta yake (Mathayo 25) hakusifiwa. Ifukue yako leo.