Pikapu ya kaka na stika ya mlangoni

Najua nimeadimika kidogo, msinilaumu. Ni wiki ya majaribio, na chumbani tumekatiwa maji tangu juzi. Nilipanga niandike kuhusu mafunzo kwa vitendo, ila kuna jambo limenikaa kichwani na nisipolitoa leo sitalala.

Nina kaka, mtoto wa baba mkubwa, anaishi Denver, jimbo la Colorado kule Marekani. Ana mke na watoto wawili. Mwaka huu kaamua kununua tela la safari. Kwa wasiolijua, ni tela lenye nyumba ndani: vitanda, jiko, choo, meza ya kulia. Unalifunga nyuma ya gari, familia inapanda, mnaenda kulala porini kwenye mbuga kama mko kwenu. Tela kashalichagua, bado pikapu ya kulivuta. Basi bwana, akatupia tangazo kwenye grupu la ukoo: pikapu nzuri ya daraja wanaloliita nusu tani, ndugu zake Ford F-150 na Ram 1500, na maandishi makubwa kwamba inavuta pauni 11,000. Hiyo ni karibu tani 5. Tela lake likijaa ni kama tani 3. Ukoo mzima ukapiga makofi, hongera kaka, Mungu akuzidishie.

Mimi nikauliza swali moja tu: kaka shikamoo, na wewe na wifi na watoto mtakaa wapi?

Akanicheka. Akasema mdogo wangu wewe huna hata baiskeli. Ni kweli sina. Ila ninasoma ualimu wa hisabati, na hii ni hesabu ya asilimia ya shule ya msingi, tena ile ya kujumlisha na kutoa mwishoni.

Maoni yangu ni haya: anayechagua pikapu ya kuvuta tela la safari kwa kuangalia namba ya kuvuta, anaangalia namba isiyomhusu. Namba inayomhusu iko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Ukifungua mlango unaikuta stika inayosema watu na mizigo kwa pamoja wasizidi kilo kadhaa, pauni kadhaa. Hairembwi na haiwekwi kwenye tangazo, na inatofautiana gari kwa gari hata kama zimetoka kiwanda kimoja mwaka mmoja.

Inahusianaje na tela? Tela halifuati tu nyuma. Ule mkono wake wa mbele unaokaa juu ya sehemu ya kufungia unalilalia gari. Kwa matela ya aina hii, uzito unaolalia gari unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela. Chukua 13. Tela la kilo 3,000 linaibebesha pikapu kilo 390, na hizo zinahesabiwa kama mzigo, sawasawa na magunia ya mahindi kwenye bodi.

Sasa tuchukulie stika inasema pauni 1,500, yaani kilo 680. Toa 390. Kaka ana kilo 90 (haniambii, ila picha zinaongea), wifi 74, watoto 34 na 27, jumla 225. Zile chuma za kufungia, zenye mikono ya kugawa uzito ili gari lisikae matako chini, weka 40. Na msidanganyike, hizo chuma husaidia gari kukaa sawa tu, haziongezi namba ya stika. Jumla 655. Zimebaki kilo 25! Bado baiskeli za watoto, bado kuni, bado boksi la barafu, na wifi yangu mimi namjua anavyofungasha.

Hapo ndipo wengi hufanya ujanja wa kurudisha mizigo nyuma ya tela ili mkono wake upungue uzito. Jamani, huo ndio ubaya wenyewe. Tela likiwa jepesi mbele linaanza kutikisa mkia, na likishika kasi linaliyumbisha gari zima. Sisi wa Iringa tunaoshuka na kupanda Kitonga kila likizo hatuhitaji kuelezwa sana. Mwaka wa kwanza basi letu lilisimama pale saa nyingi kwa sababu ya tela la lori lililolala katikati ya barabara. Sijasahau ukimya wa abiria tulipolipita. Na huko Colorado barabara ya I-70 inapanda mpaka handaki la Eisenhower, zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, halafu inashuka mpaka wamejenga njia za pembeni za malori yanayokatika breki.

Kaka akajitetea kwamba ile namba haijatungwa, imepimwa. Sibishi. Kuna kipimo kinaitwa J2807, na magari hupandishwa kweli mlima wa Davis Dam kule Arizona, kilomita kama 18, bila kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa. Ila kipimo hicho kinachukulia ndani yuko dereva na abiria mmoja, kila mmoja kilo 68. Watoto hawamo, wala kuni.

Sasa afanyeje? Shangazi kasema anunue kubwa zaidi, lile daraja la F-250, yaishe. Ni njia mojawapo, ila lina bei, linarusha likiwa tupu, na kaka atakuwa analiendea kazini na sokoni mwaka mzima kwa ajili ya safari nne. Tena akichukua la dizeli ajue injini ile ni nzito na uzito wake unakula humo humo kwenye stika. Mimi ningepunguza tela. Watoto wawili hawahitaji meza ya watu sita. Kisha apakie kila kitu, maji yakiwemo maana lita ni kilo, apite kwenye mizani ya malori, huko zipo kwenye vituo vikubwa vya mafuta. Sisi mabasi yetu yanapimwa Mikese tukiwa tumesinzia ndani, yeye anaogopa nini?

Nilikuwa nimefika hapa simu ikaita. Kaka kaenda yadi, kafungua mlango, kapiga picha. Pikapu ile ni ya juu kabisa, viti vya ngozi, paa la kioo, na vyote hivyo vina uzito. Stika inasema pauni 1,402. Nimegeuza mara mbili nikidhani nimekosea: kilo 636. Kwa hesabu yangu ya 655 kashazidisha 19 kabla hajaweka baiskeli hata moja.

Hakuandika neno chini ya picha. Baada ya kama dakika kumi akauliza, mwalimu, tela la kilo 2,000 je? Nimechukua kalamu.