Punda wa Lamu Si wa Mwitu



Katika kurasa za namna hii tumezoea kuandika juu ya mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane na bei ya kahawa. Safari hii twaomba ruhusa ya kuandika juu ya punda. Wapo watakaoona kwamba jambo hili ni dogo mno kwa watu wanaoshughulika na haki, tena katika Karagwe na Kyerwa, ambako mwenye heshima ni ng'ombe wa pembe ndefu. Sisi hatulioni kuwa dogo.

Baadhi yetu tulipata mapumziko ya siku chache katika kisiwa cha Lamu, pwani ya Kenya. Aliyezoea vilima vyetu na ukungu wa asubuhi hushangazwa na mji ule mkongwe, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Njia zake ni nyembamba, na mtu akikutana na punda aliyebeba mchanga hana budi kujibanza ukutani ampishe. Punda wenyewe wako kila mahali. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni 3,000 hivi. Mchana hubeba mawe, saruji na kila kinachoshushwa gatini kutoka majahazini. Jioni mizigo ikishatuliwa, wengi wao huachiwa, wakazurura bila mchungaji vichochoroni na ufukweni. Usiku tuliwakuta wamesimama kimya mbele ya milango ya nakshi, mfano wa wazee waliosahau walichokuja kukitaka.

Asubuhi moja, pale gatini, mgeni mwenye kamera shingoni aliwaambia wenzake kwa furaha kwamba hao ni punda wa mwitu. Hatumlaumu. Alikuwa likizoni, na mtu aliye likizoni hupenda kuona kila kiumbe kiko likizoni pamoja naye. Lakini neno lile tulirudi nalo nyumbani, nasi twaliona kuwa ni neno lenye hatari.

Punda wa mwitu wapo kweli. Wamesalia mamia machache tu katika nchi kame za Eritrea na Ethiopia, nao wamo hatarini kutoweka kabisa. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2022 waonyesha kwamba punda alianza kufugwa upande huu wa Afrika, yapata miaka 7,000 iliyopita. Yule wa Lamu ni mtumishi tangu enzi hizo. Ana mwenyewe, na mwenyewe anajulikana mtaani. Ukimkaribia waona mgongoni manyoya yamekatika mahali panapokaa shogi. Punda milia wa Burigi-Chato hana alama hiyo, wala hakuna mtu anayedaiwa naye ujira.

Basi, uhuru ule wa usiku ni uhuru gani? Mara nyingi ni njia ya kumwondolea mwajiri gharama. Anayefanya kazi mchana kutwa aambiwa jioni ajitafutie chakula, na katika mji wa mawe usio na malisho chakula hicho huwa ni taka. Wanyama hao hula mabaki yaliyochanganyika na plastiki, plastiki ikaziba matumbo yao, wakafa kwa maumivu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na Tanzania ikafuata mwaka 2019, lakini plastiki si mifuko tu. Tangu mwaka 1987 ipo Lamu nyumba ya kuwatibu punda bure, iliyoanzishwa na shirika la Uingereza lililoongozwa na mama Elisabeth Svendsen. Ni kazi njema. Hata hivyo hospitali haiwezi kuchukua nafasi ya mwajiri.

Haki yatudai tuseme pia kwamba wenye punda wengi si matajiri. Kijana anayeongoza punda wawili kutoka gatini mpaka penye ujenzi hula kwa jasho lake na lao, na desturi ya kuwaachia usiku ni ya zamani kuliko yeye. Anayejenga nyumba ya wageni kwa mawe yaliyobebwa na punda ndiye mwenye fedha, naye haulizwi kitu.

Ziko nchi ambako punda amekuwa wa mwitu kweli baada ya kuwa mtumishi, nazo zatuonyesha mwisho wa njia hii. Katika kisiwa cha Bonaire, bahari ya Karibi, kilicho chini ya Uholanzi, Wahispania walimleta punda katika karne ya 16. Akatumikishwa kisiwani humo, ambako watumwa walichimba chumvi. Magari yalipofika, punda akaonekana hana faida, akaachiwa vichakani. Wajukuu zake leo hugongwa barabarani na hulaumiwa kwa kula bustani za watu, hata ikabidi mwaka 1993 ifunguliwe hifadhi ya kuwatunza. Wageni hupunguza mwendo wa gari ili wawapige picha. Huko Lamu nako pikipiki zimeongezeka miaka hii ya karibuni.

Lugha yetu yenyewe imemwonea punda. Twasema afe, mzigo wa bwana ufike. Twasema shukrani yake ni mateke. Anayepiga misemo hii hajiulizi punda ashukuru kwa lipi. Torati, inapoamuru mapumziko ya siku ya saba, yamtaja punda pamoja na ng'ombe na mjakazi, tena yataka wapumzike na kuburudika.

Halafu ikaja biashara ya ngozi. Ngozi ya punda huchemshwa ikatolewa gundi ambayo nchini China hutumika kama dawa. Nchini Kenya, kati ya mwaka 2016 na 2018, punda zaidi ya 300,000 walichinjwa. Wezi waliingia mabomani usiku, na asubuhi mama aliyetegemea punda kuchota maji alijikuta ameurudisha mtungi mgongoni mwake. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaitengua amri mwaka uliofuata. Desemba 2022 wajumbe wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam kwa ajili ya punda, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, walikubali kuzuia uchinjaji kwa ajili ya ngozi barani kote. Wengine walicheka kusikia marais wakizungumza juu ya punda. Mama yule hakucheka.

Sasa tuje kwetu. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo Kafuro, hapa Karagwe, kwenye njia itokayo Unyanyembe. Pembe za ndovu zilizopita pale zilibebwa na watu, kwa sababu mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo njiani. Mzigo haukupungua, ulihama tu kutoka mgongo mmoja kwenda mwingine. Hata leo nyumba zetu nyingi ziko juu vilimani na maji yako bondeni. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20, nalo hupanda kilima juu ya kichwa cha mama au cha binti ambaye kengele ya shule imekwisha kulia. Kuni vivyo hivyo, maharage vivyo hivyo.

Wapo katika vikundi vyetu vya kuweka na kukopa wanaopendekeza tununue punda kutoka mikoa inayowafuga. Twaliunga mkono wazo hilo kwa moyo wote. Madumu mawili, moja kila upande wa shogi, ni safari moja iliyoondolewa kichwani mwa mtoto. Lakini twataka mambo yaandikwe katika katiba ya kikundi kabla punda hajafika, kwa maana akishafika kila mtu atakuwa na haraka. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo. Viongozi waisome pamoja na wanachama. Iandikwe siku ya kupumzika. Uandikwe uzito usiozidishwa, hata siku ya mavuno ya kahawa. Punda jike hubeba mimba kwa mwaka mmoja hivi na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja, basi iandikwe nani atachota maji badala yake miezi ya mwisho, na jibu lisiwe binti wa shule. Lijengwe zizi, ajulikane na mtu wa kukata majani.

Na liandikwe, mbele ya mkutano, jina la mtu atakayemlisha punda akizeeka na kushindwa kazi. Liwe jina la mtu, si jina la kikundi. Asipopatikana wa kutia sahihi hapo, fedha zibaki sandukuni mpaka apatikane.