Darasa Si Mahali pa Kuposea

Ndugu zetu wa Kakuma na popote mnapotusoma, leo hatuleti pongezi. Wengi mmeiona ile video. Kijana anaingia darasani na marafiki zake, spika begani, maua ya plastiki mkononi. Mwalimu yuko ubaoni anafundisha hesabu za sehemu, chaki bado iko kwenye vidole. Kijana anapiga goti, anatoa pete. Watoto zaidi ya 100 wanapiga kelele: "Kubali! Kubali!" Mwalimu anafunika uso, anaitikia kwa kichwa. Huko mtandaoni watu wamefurahi mpaka basi.

Sisi tunauliza swali moja tu: angekataa vipi?

Tuseme ukweli jamani. Dada yule alikuwa kazini. Nyuma yake ubao, mbele yake wanafunzi wake, mlangoni simu zinamrekodi. Akisema hapana, kesho atasimamaje mbele ya watoto wale wale? Jioni ile alimwambia mmoja wa dada zetu, na ametupa ruhusa tuyaseme: "Niliitikia ili watoke, nimalize somo." Pete amesharudisha. Maneno anayotupiwa kwenye foleni ya maji tangu siku hiyo hatutayaandika hapa.

Mtatuambia, "Nyinyi mna wivu tu. Kwani mkimbizi hana haki ya kufurahi?" Anayo, na yeye mwalimu ni mkimbizi pia. Furaha yake iko wapi?

Wazee wetu kule Kivu walikuwa na njia yao. Mjumbe alitumwa nyumbani, familia zikazungumza, na jibu likiwa hapana lilirudi polepole bila mtu kuaibishwa. Hatusemi desturi ile haikuwa na kasoro. Wasichana wangapi waliozwa bila kuulizwa? Lakini kumwuliza mtu mahali ambapo hawezi kukataa ni sawa na kutomwuliza kabisa. Hata Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 45, inasema ndoa ni kwa hiari ya wote wawili. Hiari gani hiyo ya kupigiwa kelele?

Sisi tunaojitolea shuleni tuliona kilichofuata. Wiki nzima wavulana walipiga magoti mbele ya wasichana na pete za waya. Msichana mmoja akakataa, wakamzomea mpaka akalia. Mtasema ni mchezo wa watoto. Lakini somo limeingia: mwanaume akiomba mbele ya watu, msichana hana ruhusa ya kusema hapana. Na sisi ndio tunaozunguka bloku hadi bloku tukipinga ndoa za utotoni! Tutawaambia nini sasa?

Nanyi ndugu wa mashirika, tunawaheshimu, ila baadhi yenu mliisambaza video hiyo na kuandika maneno matamu. Nyuso za watoto zimo. Hapa kuna familia zilizokimbia watu ambao hazitaki wajue ziko wapi. Kwenye mafunzo mnatuambia tusimpige mtoto picha bila ruhusa ya mzazi. Kumbe sheria hiyo ni ya wanaojitolea peke yao?

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Mwenye video hiyo kwenye ukurasa wake, aifute leo. Walimu wakuu, mgeni asiingie darasani wakati wa kipindi, hata akija na maua. Na wewe kaka unayedunduliza hela ya pete, hatukukatazi. Muulize kwanza mkiwa wawili, simu iko mfukoni, na hapana yake iwe jibu kamili. Akikubali, tuite. Viti tutabeba sisi, na tutacheza mpaka asubuhi.

Ila darasani tuache. Zile hesabu za sehemu, watoto bado hawajazielewa.