Dereva mmoja, kilomita 720: hesabu mbovu tunazoziandika sisi wanaprogramu

Haya jamani, leo sina habari za simu mpya wala za Linux. Leo nina ugomvi, tena ni ugomvi na wenzangu wa kazi, sisi tunaokaa mbele ya kompyuta na kuwapangia maisha watu ambao hatujawahi kuwaona.

Wiki jana mwenye malori fulani (jina naliweka kapuni) alinitumia orodha ya mambo anayotaka kwenye programu yake mpya ya kupanga safari. Malori yake huchukua chai iliyokwisha kusindikwa kutoka viwanda vya huku kwetu Bomet na kuipeleka maghala ya Mombasa, kwenye mnada uliohamia huko kutoka Nairobi mwaka 1969. Mstari mmoja ulisema: Bomet hadi Mombasa, dereva 1, siku 1, akichelewa kisanduku kiwe chekundu. Nikauliza, hiyo siku 1 imetoka wapi? Nikajibiwa kwamba imetoka kwa kompyuta, maana programu ya zamani ndiyo inayosema hivyo.

Kompyuta haijasema kitu. Kuna mtu aliandika ile namba, na naweza kukuonyesha ilivyoandikwa.

Programu nyingi za njia siku hizi hutumia ramani ya OpenStreetMap pamoja na injini huria kama OSRM. OSRM ukiipakua inakuja na mafaili matatu ya kueleza msafiri: la gari dogo, la baiskeli na la mtembea kwa miguu. Lori halimo. Mwanaprogramu mwenye haraka anachukua la gari dogo, car.lua, na kusonga mbele. Fungua hilo faili utakuta kwamba barabara kuu ya daraja la trunk, kama ramani haikuandikiwa kikomo cha mwendo, inapewa kilomita 85 kwa saa. Sasa piga hesabu. Kutoka Bomet kupitia Narok, Mai Mahiu na Nairobi mpaka Mombasa tuseme ni kilomita 720. Gawanya kwa 85: masaa 8 na dakika 28. Ndiyo hiyo "siku 1" ya bwana mwenye malori! Imetoka kwenye gari dogo lisilobeba kitu, lisilokutana na tuta hata moja kuanzia Longisa, na ambalo dereva wake hana kibofu.

Halafu kuna jambo la kuchekesha, kama si la kuliza. Lori la Kenya linatakiwa kuwa na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Kwa hiyo programu inamtaka dereva aende kwa wastani ambao gari lenyewe limekatazwa kuufikia hata kwa dakika moja.

Na sheria je? Kifungu cha 66A cha Sheria ya Trafiki ya Kenya kinasema mtu asiendeshe gari la abiria wala la biashara zaidi ya jumla ya masaa 8 katika kila masaa 24. Nane. Sasa mpe dereva wetu muujiza: barabara tupu, mteremko mtupu, 80 kamili kutoka lango la kiwanda mpaka lango la ghala. 720 kwa 80 ni masaa 9. Amevunja sheria hata katika ndoto! Hakuna namna yoyote halali ambayo mtu mmoja atafika kwa siku moja, na bado tumeiandika kwenye programu kama jambo la kawaida, na anayeshindwa tunampaka rangi nyekundu.

Ngoja nikae kidogo kwenye suala la wastani, maana hapa hata watu waliosoma hesabu wanateleza. Ukienda kilomita 50 kwa mwendo wa 20, na nyingine 50 kwa mwendo wa 80, wastani wako si 50. Nusu ya kwanza imekula masaa mawili na nusu, ya pili dakika 37 na ushee. Jumla masaa 3 na dakika 7 hivi, yaani wastani wa kilomita 32 kwa saa. Polepole hula muda, na haraka haiurudishi. Ndiyo maana ule mlima wa kupanda kutoka Mai Mahiu, ambapo lori lililojaa linatambaa kwa gia ya chini huku nyuma yake kuna msururu wa magari yanayopiga honi, hauwezi kufidiwa na tambarare ya Mtito Andei. Ongeza matuta ya kila kituo cha biashara, ongeza foleni za Nairobi, ongeza mizani ya Athi River na ile ya Mariakani. Mimi naweka 45 kwa saa, na najiona mkarimu. Mara masaa 8 ni kilomita 360. Kama unabisha weka 50, utapata 400. Bado ni siku mbili.

Wapo watakaoniambia, "Mbona Marekani dereva mmoja anafanya maili 600 kwa siku?" Ni kweli wapo wanaofika hapo, na maili 600 ni kama kilomita 965. Lakini soma mpaka mwisho. Kule sheria inaruhusu masaa 11 ya kuendesha, yote ndani ya kipindi cha masaa 14, baada ya kupumzika masaa 10 mfululizo. Barabara zao kuu zimetenganisha wanaokwenda na wanaorudi, na hakuna mama anayeuza mahindi ya kuchoma pembeni. Na tangu Desemba 2017 malori mengi ya masafa marefu yanalazimika kuwa na kifaa cha elektroniki kinachorekodi masaa ya dereva. Sisi tumeagiza namba yao, tukaacha kile kifaa bandarini.

Sisi badala yake tuna GPS, nayo inatumika kinyume. Nimeona programu ambayo gari likisimama dakika 15 inaandika "mapumziko". Mapumziko gani? Mtu yuko kwenye foleni ya mizani, anasogea hatua moja kila dakika tatu, mguu uko kwenye klachi. Au yuko kiwandani usiku akisubiri kupakiwa. Kisha wanahesabu utingo kama dereva wa pili! Utingo hana leseni ya trela, na kazi yake ni kulinda mzigo na kupiga jeki.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba haraka yenyewe haina kazi. Jani bichi ndilo lenye haraka, likichumwa asubuhi lazima lifike kiwandani siku hiyo hiyo la sivyo linaharibika. Chai iliyokwisha kukaushwa na kufungwa haiozi njiani. Ikifika Mombasa inakaa ghalani siku nyingi kabla ya kupigiwa mnada. Tunamnyima mtu usingizi ili gunia likalale mapema.

Na wanaolipia si walio ndani ya lori tu. Barabara zetu ndizo soko letu na ndizo stendi zetu. Tarehe 30 Juni 2023 lori lilipowaparamia watu pale makutano ya Londiani, waliokufa walizidi 50, wengi wao wachuuzi na watu waliokuwa wakisubiri magari. Sisemi ile ilikuwa ajali ya usingizi. Nasema wale ndio majirani wa kila lori tunalolipangia saa ya kufika.

Basi mimi nimemwandikia mwenye malori programu tofauti na aliyoiomba. Masaa ya njia hupatikana kwa mwendo halisi uliotoka kwenye rekodi za GPS za malori yake mwenyewe, kipande kwa kipande. Masaa hayo hugawanywa kwa 8 na jibu hupandishwa hadi namba nzima, hizo ndizo siku. Foleni ya mizani si mapumziko. Kisanduku chekundu kipo, ila kinawaka kwa anayepanga safari pale anapojaribu kuandika siku 1. Ameniambia atafikiria. Nimemwambia kodi ya chanzo nitampa bure, lakini ile namba 85 siirudishi.