Mwaka wa Sarafu Haujathibitisha Kitu

Ukitaka kujua sarafu ilipigwa lini, watu husema, isome. Mwaka umechorwa pale pale, aliyeuchora ni serikali yenyewe, ubishi wa nini tena? Hoja hii si ya kupuuzwa. Sheria ya Marekani ya tarehe 2 Aprili 1792, iliyoanzisha kiwanda cha sarafu mjini Philadelphia, iliagiza kila sarafu ya dhahabu na fedha ionyeshe mwaka wa kupigwa kwake. Anayeutegemea mwaka huo ana sheria upande wake. Lakini karakana ilikuwa na shida zake ambazo sheria haikuzijua, na katika dhahabu ya miaka ya mwanzo ya taifa lile mwaka ulioandikwa umewapoteza watu wengi.

Sarafu hupigwa kwa mihuri miwili ya feleji, mmoja wa mbele na mwingine wa nyuma. Siku zile kutengeneza muhuri kulikuwa kazi ndefu ya mkono, na muhuri mzima haukutupwa kwa sababu tu mwaka umegeuka. Ndiyo maana zipo sarafu za dola 5 zenye mwaka 1795 upande wa mbele, na nyuma zina tai mkubwa mwenye ngao kifuani. Tai huyo hakuonekana kwenye dhahabu ya Marekani kabla ya 1796; dola 5 zilizotoka kiwandani Julai 1795 zilikuwa na tai mdogo aliyeshika shada la majani. Watafiti wanaona kwamba zile za tai mkubwa zilipigwa miaka kadhaa baadaye, yumkini 1798, kwa muhuri wa zamani uliokuwa bado unafaa. Muhuri nao hupata ufa, na ufa hukua kadiri unavyogongwa. Anayezipanga sarafu kwa kufuata ufa huweza kujua ipi ilitangulia ipi, hata pale mwaka unapodai kinyume.

Mfano mzito zaidi ni dola 10 za 1804, na huu unatugusa sisi watu wa pwani. Nyingi za sarafu hizi zina tarakimu 4 ambayo mstari wake wa mlalo umekatwa na kijistari kidogo nchani. Nyingine, ambazo hazizidi vidole vya mkono mmoja, zina 4 yenye ncha tupu. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba macho huipita, lakini imebeba miaka 30. Zile za kwanza zilipigwa 1804 kweli. Zile za ncha tupu zilipigwa mwishoni mwa 1834 au muda mfupi baadaye, kwa mihuri mipya, ili ziwe zawadi kwa wafalme.

Mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alikuwa ametia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, huko Muscat tarehe 21 Septemba 1833, na mwingine na mfalme wa Siam. Serikali ya Rais Andrew Jackson ikaagiza seti za sarafu zote za nchi zipelekwe kama tunu. Dola ya fedha na dola 10 ya dhahabu zilikuwa hazijapigwa kwa miaka mingi, kwa hiyo maofisa wakafungua daftari za kiwanda kutafuta mwaka wa mwisho. Wakaukuta 1804: dola za fedha 19,570 na dola 10 za dhahabu 3,757.

Hapa huanguka pia imani ya pili, ya wale wanaosema kwamba mwaka ukitiliwa shaka, daftari litaamua. Daftari lilikuwa sahihi, na bado lilipotosha. Lilihesabu sarafu zilizokabidhiwa mwaka ule, halikusema zimeandikwa mwaka gani. Dhahabu iliandikwa 1804, lakini zile dola za fedha ziligongwa kwa mihuri ya 1803 na ya nyuma zaidi. Kwa hiyo kiwanda, kwa nia njema kabisa, kilitengeneza dola za fedha za 1804 ambazo hazikuwahi kuwapo. Wakusanyaji wa baadaye, walipoona daftari limejaa na sarafu hazionekani, wakabuni visa: zimezama baharini, zimelipwa Tripoli. Visa hivyo viliishi miongo mingi. Mwaka 1962 watafiti wa sarafu Eric P. Newman na Kenneth Bressett walionyesha kwa uchunguzi wa mihuri na nyaraka kwamba sarafu hizo ni kazi ya miaka ya 1830. Mwaka huo huo seti ya mfalme wa Siam ikajitokeza hadharani, na ndani yake dola ya 1804 ikiwa pamoja na dola 10 ya ncha tupu.

Wapo watakaosema: basi ni bandia. Sikubali hata kidogo. Sarafu bandia hutengenezwa na mtu asiye na mamlaka, tena kwa kusudi la kulaghai. Hizi ziliagizwa na serikali, zikapigwa katika kiwanda chake, kwa kazi ya hiari na ya wazi. Ni sarafu halali za miaka ya 1830 zinazosimulia diplomasia ya wakati wake, na anayeziita za 1804 anaifuta habari hiyo yote.

Habari yenyewe inapita kwetu. Meli ya Peacock, iliyombeba Roberts na masanduku yake, ilitia nanga Unguja Septemba 1835, ikakwama kwenye miamba ya kisiwa cha Masirah ikielekea Muscat, na Oktoba seti ya Sayyid Said ikakabidhiwa Muscat. Mkataba uliokuwa nyuma ya zawadi ile uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za Wamarekani, na wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Marekani, walikuwa tayari wakishusha nguo zao Unguja. Watafiti wa Marekani wameichambua ncha ya tarakimu 4 kwa bidii ya kupigiwa mfano. Upande wa Unguja na Muscat, zawadi zilivyopokewa, zilivyotunzwa na zilivyotoka mikononi mwa ukoo wake wa Busaidi, ni kazi inayowangoja wanaosoma Kiarabu na Kiswahili, na ningependa waianze kwenye barua na hesabu za forodha kabla hawajafungua orodha za minada.